Kifaa Kinapochomolewa: Makosa ya Kumbukumbu katika Kompyuta za Tiba

Muuguzi amemaliza kupima umeme wa moyo wa mgonjwa. Kifaa kimeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na kwa kuwa mgonjwa mwingine anasubiri chumba cha pili, muuguzi anachomoa waya, anabeba kifaa na kuondoka. Programu ya kipimo bado iko wazi kwenye skrini. Sekunde chache baadaye skrini inaganda, mshale hausogei, na pengine uso wote wa skrini unageuka bluu na kujaa maandishi meupe. Lawama humwangukia muuguzi: amechomoa vibaya, ameua kompyuta.

Lawama hiyo kwa sehemu kubwa si ya haki. Kuchomoa waya huku kipimo kikiendelea ni uzembe mdogo, na kunaweza kupoteza data ambayo haijahifadhiwa. Lakini kompyuta nzima kuanguka kwa sababu kifaa kimoja kimeondoka ni dalili ya kosa lililokuwamo ndani ya programu tangu siku ilipoandikwa, likingoja mazingira ya kulidhihirisha. Makala hii inaeleza kosa hilo ni la aina gani, kwa nini hujificha muda mrefu, na linamhusu vipi mtumishi wa afya na mgonjwa anayelazwa, au anayejipima mwenyewe nyumbani.

Kiendeshi na mahali kinapokaa

Kompyuta haijui kwa asili namna ya kuzungumza na mashine ya altrasaundi, kisomaji cha alama za vidole au kamera ya darubini. Kila kifaa huhitaji mkalimani wake, yaani programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kifaa kinapochomekwa, mfumo endeshi hukitambua, humwita mkalimani anayefaa, naye huomba sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ya kuwekea habari za kifaa hicho: kina njia ngapi, kinatuma data kwa kasi gani, nani anakitumia sasa. Kifaa kinapoondoka, kiendeshi huarifiwa na kutakiwa kufunga shughuli zake na kuirudisha kumbukumbu aliyoiazima.

Jambo la kukumbuka ni mahali mkalimani huyu anapofanyia kazi. Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, ikikosea huzimwa peke yake na nyingine zikaendelea. Viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo hakuna ukuta baina ya kimoja na kingine. Kosa la kiendeshi kimoja ni kama damu iliyoambukizwa: haibaki katika kidole kilichochomwa. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ilionyeshwa jambo hili kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana. Kiendeshi cha usalama cha kampuni ya CrowdStrike kilisoma sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake baada ya kupokea faili jipya la mipangilio, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka. Hospitali katika nchi kadhaa ziliahirisha huduma. Kosa hilo halikutokana na kuchomolewa kwa kifaa, ila ni la ukoo mmoja na hili linalozungumzwa hapa.

Kitanda namba 7

Mtumishi wa wodi ataelewa kosa lenyewe kwa haraka kuliko mwanafunzi wengi wa kompyuta, maana analiogopa kila siku kwa jina jingine.

Daktari anaandika kwenye kikaratasi: "Kitanda namba 7, sindano saa kumi." Saa nane mgonjwa wa kitanda hicho anaruhusiwa kwenda nyumbani. Shuka zinabadilishwa na mgonjwa mpya analazwa. Saa kumi muuguzi wa zamu nyingine anakiona kikaratasi, anakwenda kitanda namba 7, na anamchoma sindano mtu ambaye dawa ile haimhusu kabisa. Hakuna aliyeandika uongo. Kikaratasi kilikuwa sahihi kilipoandikwa. Kosa ni kwamba kilielekeza kwenye mahali, si kwenye mtu, na hakuna aliyekichana mgonjwa alipoondoka.

Ndani ya kompyuta, kikaratasi hicho huitwa kielekezi: namba inayosema habari fulani iko sehemu gani ya kumbukumbu. Kifaa kikichomolewa, kiendeshi huachilia sehemu ile, na mfumo huwa huru kuipangisha programu nyingine. Ikiwa mahali pengine bado kuna kielekezi cha zamani, na mtu akakifuata, atakuta moja ya mambo matatu. Huenda habari za zamani bado zipo, na kila kitu kikaonekana sawa. Huenda pamekaa takataka, na kompyuta ikaanguka. Au pamekaa habari za programu nyingine, na kiendeshi kikaziandika juu bila mtu yeyote kujua. Wataalamu huliita kosa hili matumizi baada ya kuachilia. Hali ya kwanza ndiyo inayolificha kosa kwa miaka. Hali ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi, ingawa ya pili ndiyo inayopigiwa kelele, kwa kuwa mashine iliyozimika angalau hujulikana kuwa imezimika.

Kuna ndugu wawili wa kosa hili. Mmoja ni kuachilia mara mbili: makarani wawili wote wanatangaza kuwa kitanda namba 7 kiko wazi, na wagonjwa wawili wanapewa kitanda kimoja. Mwaka 2016 kosa la namna hiyo, lililopewa namba CVE-2016-2384, liligunduliwa katika kiendeshi cha vifaa vya muziki vya USB ndani ya kiini cha Linux. Kifaa kilichotengenezwa kwa hila, kikijitambulisha kwa maelezo ya uongo, kiliweza kuvuruga kumbukumbu kwa kuchomekwa tu. Ndugu wa pili ni kinyume chake, kumbukumbu isiyoachiliwa kamwe, kitanda ambacho hakitangazwi wazi ijapokuwa mgonjwa amekwenda. Huyu ni mpole kiasi. Wodi hujaa polepole na kompyuta huwa nzito, kisha mtu huiwasha upya na mambo hutulia.

Kosa linavyotokea hatua kwa hatua

Mfano wa kamera ya USB iliyofungwa kwenye darubini ya maabara unatosha. Kamera inachomekwa, kiendeshi kinaomba kumbukumbu. Programu ya picha inafunguliwa na kukishikilia kifaa, yaani inapewa na mfumo endeshi tiketi inayosema "kamera hii naitumia." Mtaalamu wa maabara anachomoa kamera. Mfumo endeshi unakiarifu kiendeshi, nacho kinaachilia kumbukumbu yake yote kwa uaminifu. Lakini programu ya picha haijafungwa, na tiketi bado iko mkononi mwake. Dakika moja baadaye mtaalamu anabofya kitufe cha kufunga dirisha. Programu inarudisha tiketi, ombi la kufunga linafika kwa kiendeshi, na kiendeshi, ili kulitimiza, kinafuata kielekezi chake mpaka mahali palipokwisha kuachiliwa. Hapo ndipo kompyuta inapoanguka. Mtaalamu ataapa kuwa ilianguka alipofunga programu, wala hatakumbuka kuwa alichomoa kamera dakika moja kabla. Kutengana huku kwa sababu na dalili ndiko kunakofanya uchunguzi uwe mgumu.

Hali huwa mbaya zaidi mambo mawili yanapotokea kwa wakati mmoja. Kompyuta za leo zina vichakato kadhaa vinavyofanya kazi sambamba. Kimoja kinaweza kuwa kinasoma data ya kifaa wakati kingine kinaachilia kumbukumbu ya kifaa kile kile, na matokeo yakategemea nani ametangulia kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mwaka 2021 kosa la aina hii lilitambuliwa kwa namba CVE-2021-3573 katika sehemu ya Linux inayoshughulikia Bluetooth: amri ilikuwa bado inatekelezwa juu ya kifaa cha Bluetooth ilhali upande wa pili kifaa hicho kinaondolewa kwenye orodha. Vipima sukari, vipima shinikizo la damu na vipima oksijeni vingi vya nyumbani huzungumza na simu kwa Bluetooth, na simu za Android zimejengwa juu ya Linux. Haina maana kwamba kila simu ilikuwa hatarini, ila sehemu ya programu iliyokosewa si kitu kigeni kilichofungiwa maabara ya mbali.

Ni kwa nini wahandisi stadi hukosea jambo linaloonekana wazi namna hii? Sababu moja ni ya kibinadamu. Kila kiendeshi hujaribiwa kwa kuchomeka kifaa na kukitumia. Wachache hukaa wakichomoa waya mara mia katikati ya kazi. Sababu ya pili inashangaza zaidi: chombo kilichobuniwa kupunguza makosa kimechangia mengine. Tangu mwaka 2007 Linux ina utaratibu unaomsaidia mwandishi wa kiendeshi kwa kuachilia rasilimali zote zenyewe mara kifaa kinapotenganishwa na kiendeshi chake. Utaratibu huo umeondoa uvujaji mwingi wa kumbukumbu. Lakini unapotumiwa kwa kumbukumbu ambayo programu yenye tiketi bado itaihitaji, huiachilia mapema mno. Septemba 2022, kwenye mkutano wa Linux Plumbers mjini Dublin, mhandisi wa viendeshi vya kamera Laurent Pinchart alitoa mada iliyouita matumizi hayo kuwa yenye madhara. Hoja yake ni nyepesi kuieleza: uhai wa kumbukumbu umefungwa kwenye uwepo wa kifaa, wakati ulipaswa kufungwa kwa mtumiaji wa mwisho. Kwa lugha ya wodi, faili la mgonjwa linachomwa moto mara anapovuka lango, kabla maabara na famasi hazijamaliza kuliandika.

Kuchomolewa bila mkono wa mtu

Si kila kuondolewa hufanywa na mkono. Tundu la USB lililolegea, waya uliokanyagwa na gurudumu la kitanda, au kompyuta inayojaribu kuokoa umeme kwa kuzima matundu yasiyotumika, vyote huweza kufikisha kwa kiendeshi ujumbe ule ule: kifaa kimeondoka.

Katika hospitali ambazo umeme hukatika na kurudi kuna chanzo kingine ambacho mara chache hufikiriwa. Kompyuta imeunganishwa na betri ya dharura, kwa hiyo haizimiki. Lakini kigawanya matundu ya USB, kile kisanduku chenye kutoa tundu moja kuwa manne au saba, kimechomekwa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika kwa sekunde moja, kompyuta inaendelea kufanya kazi huku ikiona vifaa vyake vyote vimechomolewa kwa mpigo, kisha vyote vimerudi kwa mpigo. Kwa kiendeshi chenye kosa lililojificha, hakuna mtihani mkali kuliko huu. Fundi anayesikia kwamba kompyuta fulani "huganda kila umeme unapocheza ingawa ina betri" na aanze kuangalia kisanduku hicho. Kukihamishia kwenye betri hakutibu kosa la programu, lakini hupunguza nafasi za kulichokoza, na gharama yake ni kubadilisha plagi.

Uchunguzi na tiba

Wahandisi wa programu wana vipimo vyao. Tangu 2015 Linux ina chombo cha uchunguzi kiitwacho KASAN, ambacho huweka alama kwenye kila sehemu ya kumbukumbu iliyoachiliwa, na kuizuia isipangishwe upya kwa muda. Wabunifu wake wenyewe wanauita muda huo karantini. Mtu yeyote akigusa sehemu iliyo karantini, anakamatwa papo hapo, na ripoti inaandikwa ikionyesha nani alipewa kumbukumbu hiyo, nani aliiachilia, na nani ameigusa baadaye. Kipimo hiki hupunguza kasi ya mashine, hivyo hutumiwa katika majaribio kuliko wodini. Ipo pia njia ya zamani ya kujaza kumbukumbu iliyoachiliwa kwa namba moja inayorudiwa. Fundi anayesoma kumbukumbu za hitilafu za Linux na kukuta herufi 6b6b6b6b zikijirudia ana sababu nzuri ya kushuku kuwa mtu amefuata kikaratasi cha zamani. Kwa upande wa Windows, skrini ya bluu yenye msimbo 0x000000CE humaanisha kwamba kiendeshi kiliondolewa kabla ya kusitisha shughuli zilizokuwa zikisubiri. Msimbo huo ni utambuzi wa ugonjwa karibu kamili, na inasikitisha kwamba kwa kawaida hufutwa na mtu anayebonyeza kitufe cha kuwasha kabla haujaandikwa popote.

Tiba ya kwanza ni hesabu ya wanaotumia. Kila anayepewa tiketi huongeza moja, kila anayeirudisha hupunguza moja, na kumbukumbu huachiliwa hesabu inapofika sifuri tu. Ni kama utaratibu wa kumruhusu mgonjwa baada ya famasi, maabara na uhasibu wote kusaini. Lakini hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu kumbukumbu inaweza kuwa bado hai huku kifaa chenyewe kimekwenda, na kukituma kazi kifaa kisichokuwapo ni kosa jingine. Kwa hiyo kiendeshi kizuri huweka pia alama ya "kifaa kimeondoka," huilinda kwa kufuli ili isibadilishwe katikati ya kusomwa, na kila ombi hupita kwenye alama hiyo kwanza. Ombi likikuta kifaa hakipo, hurudishiwa jibu la heshima kuwa hakuna kifaa, na programu huonyesha ujumbe badala ya kuanguka. Windows ina kufuli maalumu kwa kazi hiyo, linalomsubirisha anayeondoa kifaa mpaka walio ndani wote watoke.

Tiba ya tatu ni kubadili lugha ya kuandikia. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu. Lugha ya Rust, iliyokubaliwa ndani ya kiini cha Linux katika toleo 6.1 la Desemba 2022, hukagua kabla ya programu kuendeshwa kwamba hakuna kielekezi kinachoishi kuliko kitu kinachoelekezwa. Hata hivyo hakuna lugha inayoweza kumzuia mtu kuvuta waya. Ndiyo maana wanaoandika viendeshi kwa Rust wameongeza utaratibu wa kubatilisha: rasilimali za kifaa hufungwa ndani ya gamba, kila anayetaka kuzigusa huuliza kama bado zipo, na kifaa kikiondoka gamba hujifunga kwa wote. Viendeshi vingi vilivyopo bado vimeandikwa kwa lugha ya C, na kompyuta iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita pamoja na mashine ya maabara haitapata tiba hiyo kwa kungoja.

Wodini na nyumbani

Jambo la kwanza ni mgonjwa. Skrini iliyoganda inaweza kuendelea kuonyesha mapigo 78 na oksijeni asilimia 97 wakati mwili umekwisha kubadilika. Mtumishi anayeona namba zisizosogea hata kidogo kwa sekunde kadhaa, au wimbi lililosimama, na amwangalie mgonjwa, amshike mshipa wa mkono, ahesabu pumzi, kisha ndipo ashughulike na kompyuta. Na ikiwa mgonjwa anapaswa kuhamishwa upesi, waya na uchomolewe bila kusubiri programu. Kompyuta inaweza kuwashwa upya.

Pasipo dharura, mpangilio ni huu: kuhifadhi kipimo, kufunga programu, kungoja sekunde chache, kisha kuchomoa. Kufunga programu kwanza hurudisha tiketi wakati kifaa bado kipo, na njia nzima ya hatari iliyoelezwa hapo juu hukatika. Hapa kuna kutoelewana kwa kawaida. Kitufe cha kuondoa kifaa kwa usalama, kwa diski ndogo za USB, hulinda hasa data ambayo haijamaliza kuandikwa. Tangu toleo 1809 la Windows 10 mpangilio wa kawaida kwa diski hizo unaruhusu kuchomoa bila kitufe, mradi hakuna kinachoandikwa. Watu wamehitimisha kwamba kila kifaa sasa kinaweza kuchomolewa wakati wowote. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa diski. Mashine ya kupima umeme wa moyo haikutajwa.

Kuchomoa na kuchomeka haraka haraka ili kifaa "kiamke" hakushauriwi, kwa kuwa kila mzunguko huzalisha upya yale mashindano ya nyakati. Kompyuta ikishaanguka au kuganda wakati wa kipimo, kipimo hicho kirudiwe baada ya kuiwasha upya, hata kama namba za mwisho zinaonekana kuwa za kawaida. Matokeo yaliyohifadhiwa dakika ile yalinganishwe na jina na namba ya faili la mgonjwa kabla hayajatumiwa.

Na iandikwe. Saa, kifaa kilichochomolewa, programu iliyokuwa wazi, kilichobofywa baadaye, na msimbo uliotokea. Picha ya simu ya skrini ya bluu inatosha, mradi haina jina la mgonjwa. Mhandisi wa vifaa tiba akipata maelezo matano ya namna hiyo kutoka kompyuta moja, anaweza kumwandikia mtengenezaji barua isiyojibika kwa kusema "watumiaji wenu hawajafunzwa." Akipata sentensi moja tu kwamba kompyuta ni mbovu, atabadilisha waya na kuondoka. Hofu ya kulaumiwa ndiyo inayozuia maandishi haya, na msimamizi wa kitengo anayeitaka taarifa hana budi kwanza kuliondoa neno "ameharibu" katika mazungumzo.

Mgonjwa anayejipima nyumbani na kuhamishia vipimo kwenye simu au kompyuta ana haki ya kujua mambo mawili. Kipimo kilichosomwa kwenye kioo cha kifaa chenyewe ndicho cha kuaminiwa pale simu inapoonyesha tofauti baada ya mawasiliano kukatika. Na akiwa kliniki, akiona mashine imeganda katikati ya kipimo chake, kumwomba mtoa huduma arudie si utovu wa adabu. Anaweza kuuliza tu: "Samahani sista, namba hizi ni zangu, au za aliyenitangulia?"